Kati ya Bandari na Jiko

Mwalimu aliyepangiwa kazi Unguja akitokea Tanga, mpishi wa hoteli aliyehama Moshi, Mtaliano aliyekodi nyumba Paje, msichana wa Makunduchi aliyeolewa Kikwajuni: wote wakiuliza wapi watapata sufuria, godoro, ndoo, pazia na mbuzi ya kukunia nazi, jibu ni moja. Nendeni Darajani. Na wakifika huko hukuta vitu vimemwagika mpaka nje ya milango ya maduka. Beseni zimepachikana, sufuria zimefungwa kamba kutoka kubwa hadi ndogo, magodoro yameegemezwa ukutani, na kijana anayeita wateja sauti imeshamkauka kabla ya adhuhuri.

Karibu vyote hivyo vimekuja kwa maji. Mchele wa mapembe umetoka Asia, vitunguu na viazi vimevuka kutoka bara, makaa yameshushwa na majahazi pale Malindi, na friji imeingia ndani ya kontena. Si jambo la leo. Kwa muda unaokaribia miaka 200 kisiwa hiki kimepeleka karafuu nje na kupokea karibu kila kitu kingine, hata mgeni na mwenyeji wakawa sawa mbele ya kaunta: wote walingoja chombo kitie nanga. Kilichobadilika kila baada ya miongo michache ni nani anayesimama kati ya bandari na jiko. Kuna wakati alikuwa Sultani. Baadaye akawa Mhindi mwenye duka, halafu karani wa serikali na daftari lake la mgao, halafu mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Dubai na mabegi yaliyokazwa kamba.

Kabla ya kuwafikia hao, vitajwe kwanza vitu ambavyo havikungoja meli. Mnazi peke yake ulijaza nusu ya jiko. Kifuu kilitoa upawa na kata ya maji, chelewa zikatoa fagio, makumbi yakasokotwa kamba za kuwambia kitanda, na makuti mabichi yakasukwa pakacha la kubebea muhogo. Ukili ukatoa mikeka, vikapu, kifumbu cha kuchujia tui na kawa la kufunikia chakula kisiingie nzi. Wafinyanzi wa mashamba wakaleta vyungu na mitungi. Msufi ukatoa sufi, nyepesi na laini, ya kujazia magodoro na mito, na aliyelalia godoro la sufi anajua kwamba baada ya miezi huingia mabonge na hulazimu kuanikwa juani na kupigwa fimbo ili livimbe tena. Mhamiaji masikini wa karne ya 19 aliweza kuianza nyumba yake kwa vitu hivyo bila kugusa bidhaa ya ng'ambo, isipokuwa chuma. Kisiwa cha matumbawe hakina madini ya chuma. Hata mbuzi ya kukunia nazi, chombo cha nyumbani kuliko vyote, ulimi wake wenye meno ulifuliwa kwa chuma kilichotoka nje.

Mwenye uwezo hakuridhika na hayo. Seyyid Said bin Sultan alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na kufikia mwaka 1840 alikwisha kuufanya mji huu makao ya utawala wake badala ya Maskati. Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Humo ameeleza jinsi jumba lile lilivyofanya manunuzi yake. Merikebu za baba yake ziliondoka na karafuu, zikarudi na shehena kutoka Ulaya, Uajemi, India na hata China, nahodha akiwa amepewa orodha ndefu ya vitu vinavyotakiwa. Mzigo ulipofika ulifunguliwa na kugawiwa kwa wake, watoto na masuria. Hao hawakukanyaga soko. Bandari na ghala vilikuwa vya mzee wao.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika kutoka Salem, bandari ya Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na zikaacha kitambaa cha pamba kigumu kisichotiwa rangi: merekani. Kikauzwa kwa jora, kwa doti na kwa mkono. Kilikuwa shuka, kikawa pazia, kikawa kanzu ya kazi, na mwisho wa yote kikawa sanda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na nguo za Uingereza na India zikaja kujaza pengo. Wateja wa Unguja waliendelea kuomba merekani, na viwanda vya Bombay vikawapa merekani ya Bombay.

Richard Burton, Mwingereza aliyetia mguu Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika mengi ya kuudharau mji huo, hasa harufu yake. Hata hivyo alitazama masoko kwa makini. Alitaja soko la chumvi karibu na Ngome Kongwe na lile la muhogo upande wa kusini, ambalo jina lake limebaki hadi leo katika mtaa wa Sokomuhogo. Huko mtu alipata muhogo, samaki, nafaka na mboga. Nafaka ilipimwa kwa ujazo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, visaga viwili vikafanya pishi, na mzigo mkubwa wa pembe au karafuu ulihesabiwa kwa frasila ya ratili 35. Kibaba hujazwa mpaka kifanye kilima juu, na hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa vita kati ya muuzaji na mnunuzi: mmoja ana vidole vya kushikilia kilima kisiporomoke, mwingine ana macho ya kuvitazama vidole hivyo.

Kuna soko jingine ambalo haifai kuliruka. Mwomani tajiri aliyehamia Unguja katika miaka ya 1860, akitaka kuanza maisha katika nyumba ya mawe, alikwenda Mkunazini kununua watu. Mchota maji, mpishi, yaya, mchukuzi: hao walihesabiwa katika mahitaji ya nyumba pamoja na mazulia na masinia. Soko hilo lilifungwa mwezi wa Juni 1873, baada ya Sultani, Sayyid Barghash, kubanwa na Waingereza hadi akatia saini, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Anglikana. Kufungwa kwa soko hakukuwa kufunguliwa kwa watu. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali kisiwani mpaka dekrii ya Aprili 1897. Barghash huyohuyo alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, na kazi ya kuchota maji, iliyokuwa imevunja migongo mingi, ikaanza kupungua.

Pesa ndogo ndogo nazo zilikuja kwa meli. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said aliagiza kutoka India sarafu za shaba, na watu wakaziita pesa. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Barghash aligonga sarafu zake mwaka 1882, lakini rupia ya India ndiyo iliyotawala kaunta. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mnyonge. Palipo na sarafu ndogo, mtu ananunua sukari ya chai moja, mafuta ya taa ya usiku mmoja na chumvi ya chungu kimoja. Duka la rejareja, kama watu wa pwani wanavyolijua, liliota kwenye pesa hiyo ya shaba.

Na mwenye duka alikuwa Mhindi, mara nyingi. Khoja, Bohora, Baniani, Memoni, kila mmoja na mtaa wake na jamatini, msikiti au hekalu lake. Wakubwa wao walishika fedha za kisiwa kizima. Tharia Topan, kwa mfano, alikuwa mkodi wa forodha ya Sultani na ndiye aliyetoa fedha za kujengea zahanati maarufu ya ufukweni. Ila mgeni wa kawaida hakuonana na Topan. Alionana na mwenye duka dogo la Hurumzi, Malindi au Mkunazini, duka chini na nyumba juu, milango ya mbao inayokunjwa asubuhi ikaacha ukuta mzima wazi. Ndani mliwekwa magunia ya mchele na dengu yaliyokunjwa midomo, bati la samli, mizani ya shaba, na daftari. Daftari ndilo lililokuwa na nguvu kuliko vyote. Mtu mgeni hakuandikwa humo mpaka aletwe na jirani wa kumdhamini, na aliyekwisha kuandikwa alikuwa amekuwa mwenyeji, maana deni humfunga mtu mahali. Mashambani mwenye duka, Mhindi au Mmanga (Mwarabu wa Omani), alikopesha mchele na nguo msimu mzima akingoja karafuu zianikwe.

Wazungu walikuwa na njia zao. Smith Mackenzie, kampuni iliyoanza Unguja mwaka 1877, iliiuzia misafara ya bara kila kitu kuanzia nguo hadi mahema. Chakula cha makopo, siagi, mvinyo na dawa vilipatikana kwa Wagoa, Wakatoliki wasiokatazwa na dini yao kuuza kileo, ambao walikuwa pia washonaji, waokaji mikate na wapiga picha. Mke wa ofisa wa Kiingereza aliyeshuka melini na masanduku yake angeweza kukaa miaka bila kujua kibaba ni nini. Mpishi wake alijua.

Kuelekea mwisho wa karne ile kikaingia chombo kimoja ambacho hakuna aliyekiagiza. Mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa katika mabati ya mraba ya galoni 4, kama lita 18, mawili katika sanduku moja la mbao. Mafuta yaliisha, bati likabaki. Likaitwa debe, nalo likaishi maisha marefu kuliko mafuta yaliyokuwamo. Debe lilichotea maji, likapikia ubwabwa wa shughuli, likapimia mpunga, muhogo na mkaa. Lililotoboka halikutupwa: lilikatwa, likanyooshwa, likapigiliwa misumari kuwa paa la nyumba ya Ng'ambo, na vipande vilivyobaki fundi bati akavifanya koroboi, faneli na kikaango. Huenda hakuna bidhaa iliyowahi kuingia kisiwani ikatumika mpaka mwisho kama lile bati tupu.

Ng'ambo, upande wa pili wa mji, ndiko wahamiaji wengi walikokwenda. Mji wa mawe ulikaa kwenye rasi, na mkono wa bahari uliutenga na upande wa pili kila maji yalipojaa. Daraja liliviunganisha, na hapo ndipo lilipotoka jina la Darajani. Mkono huo ulifukiwa vipande vipande, kazi iliyomalizika katika miaka ya 1950. Baada ya dekrii ya mwaka 1897 watu waliotoka utumwani, wengi wakiwa wametoka mashambani, walivuka au walibaki Ng'ambo wakajenga vibanda vya udongo na kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja.

Na walinunua nguo. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Unguja ya 1890 hadi 1945, ameonyesha jinsi wanawake hao walivyoyavua maisha ya zamani kwa kuvua merekani na kaniki. Mtumwa alivaa kitambaa cheupe kisichotiwa rangi au kaniki ya buluu iliyokoza, tena kichwa wazi. Aliyekuwa huru akataka kanga, doti nzima, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda, na akataka mtindo mpya kabla ya jirani yake. Wauzaji wa Kihindi walisoma soko haraka wakaagiza michoro mipya Ulaya. Anayehesabu mahitaji ya nyumba kwa sufuria na magunia tu angeiweka kanga upande wa anasa, na angekosea. Kwa mwanamke aliyehamia mtaa ambao hakuna anayemjua, doti ile ilikuwa ya kwanza kuliko chungu, kwa sababu chungu hakitoki barabarani.

Mwaka 1904, enzi ya Sayyid Ali bin Hamoud, likafunguliwa soko jipya palepale penye mpaka wa mji wa mawe na Ng'ambo. Waingereza wakaliita Estella Market. Watu wakasema Marikiti, au Sokoni tu, na wanasema hivyo hadi leo. Kabla yake biashara ya vyakula ilikuwa upande wa bahari, karibu na Ngome Kongwe. Kuhama huko kulikuwa na maana kubwa, kwani soko lilitoka uani kwa Sultani likaenda kukaa mlangoni kwa wanunuzi walio wengi. Chini ya paa lile refu samaki alipata upande wake, nyama upande wake, na kuku wakabaki na kelele zao. Samaki huuzwa kwa mnada, na mgeni asiyejua hukaribia kupigiwa bei ya changu kumi kwa sababu tu ameinua mkono kumsalimu mtu.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia mwaka 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu, na wenye maduka wakapata kisa cha kukokotoa bei upya kwa faida yao. Lakini mtikisiko mkubwa ulikuja na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamepokwa nafasi na mikarafuu tangu zamani; Pemba, iliyowahi kuilisha Mombasa kwa mchele wake, sasa ilikula mchele wa Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, chombo hakikuja. Serikali ya kikoloni ikaanza mgao, na mgao huo ukafuata kabila. Aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi alitazamiwa kuwa mla wali. Aliyeandikwa Mwafrika alitazamiwa kutosheka na mahindi na muhogo. Watu waliokuwa wamekula wali maisha yao yote wakaambiwa na karatasi kwamba hawali wali. Hapo ndipo swali la "wewe ni nani" lilipoingia jikoni, na halikutoka kwa urahisi.

Bandari ilikumbusha nguvu zake tena mwaka 1948. Mgomo wa makuli ulioanza gatini ulienea mji mzima, mpaka mji ukajua kwamba bila migongo ya mahamali hata gunia la unga halifiki dukani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 siasa zikaingia dukani moja kwa moja. Wafuasi wa chama cha Afro-Shirazi waliacha kununua kwa Wamanga na Wahindi, wakaanzisha maduka yao ya ushirika. Mashambani, mahali ambapo duka lilikuwa moja na mwenye duka ndiye mwenye daftari, kususa hakukuwa mchezo; mtu alitembea vijiji viwili kufuata kiberiti. Vurugu za Juni 1961 ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, na wenye maduka wa Kimanga walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa.

Kisha Mapinduzi ya Januari 1964. Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, majumba na mashamba yakataifishwa, na biashara ya nje ikawa ya serikali. Rais Abeid Amani Karume alitaka kisiwa kijitegemee kwa chakula, jambo lenye mantiki kwa yeyote aliyekumbuka mwaka 1942. Utekelezaji wake ndio uliouma. Bei ya karafuu duniani ilikuwa nzuri, serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni, na bado mchele, sukari na unga wa ngano vilipatikana kwa mgao na foleni. Maduka ya Darajani yalibaki na milango na rafu. Kutoka Pemba karafuu zilivushwa kwa magendo hadi pwani ya Kenya, na mashua zikarudi na bidhaa za dukani, ingawa adhabu ya kukamatwa ilikuwa kali mno.

Kejeli ya miaka hiyo iko Michenzani. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki serikali ilianza na nyumba za Kikwajuni na Kilimani, kisha katika miaka ya 1970 yakasimama majumba marefu ya ghorofa pale Michenzani, yakikata Ng'ambo kwa umbo la msalaba. Maelfu walihama kutoka vibanda vya udongo wakapewa bomba la maji ndani, choo cha kuvuta na jiko lenye kaunta. Hakuna wahamiaji wengine Unguja waliohitaji vitu vipya vingi hivyo kwa mara moja, na hakuna waliokuta maduka matupu kama wao. Wakapanda ngazi na seredani zao, mikeka na vinu. Kinu kinachotwangwa ghorofa ya nne husikika vizuri sana ghorofa ya tatu. Makaa nayo yalipandishwa kwa gunia begani, hadi juu, na moshi ukatafuta njia yake dirishani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya karafuu ikaanguka, hasa kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu za kutia katika sigara zake, ilikuwa imeanza kujitosheleza. Hazina ikakauka. Mwaka 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi akachukua urais wa Zanzibar, na Seif Sharif Hamad akawa Waziri Kiongozi. Wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Wengi walikuwa na ndugu Dubai na Maskati, mabaki ya ule mlango uliofunguliwa na Seyyid Said na kukimbiliwa mwaka 1964. Ndani ya miezi michache Darajani na Mlandege zikajaa redio kaseti, feni, vitambaa vya pazia, vyombo vya udongo wa China, mablanketi, thamosi na televisheni.

Yaliyofuata yanakumbukwa vizuri na watu wa Dar es Salaam. Bara bado ilikuwa na foleni zake, hivyo watu walivuka kwa boti kuja Unguja kufanya manunuzi. Kisiwa kilichozoea kuletewa sasa kikawa duka la jirani yake. Shida ilikuwa kurudi. Katika bandari ya Dar es Salaam maofisa wa forodha waliwangoja abiria, na aliyenunua televisheni ya bintiye anayeolewa alijikuta akieleza kwa nini bidhaa iliyolipiwa ushuru katika sehemu moja ya Jamhuri ya Muungano inadaiwa ushuru katika sehemu nyingine. Malalamiko hayo yaliingia katika orodha ya kero za Muungano na yakajadiliwa kwa miongo. Mwinyi alipokuwa Rais wa Tanzania mwaka 1985 aliipeleka ruhusa hiyo bara, akapata jina la Mzee Ruksa, na taratibu faida ya Unguja ikapungua, hasa ushuru wa pande mbili ulipokaribiana.

Wahamiaji wa sasa wanaletwa na utalii. Vijana wa bara wanafanya kazi hotelini Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kupanga chumba kijiji cha nyuma. Wazungu wamekodi au kujenga Paje. Na Fumba, kusini ya mji, umeota mji mpya wenye majengo ya ghorofa na duka kubwa la kujihudumia, bei zimebandikwa na hakuna wa kuombwa apunguze. Katikati ya mji, Michenzani imepata jumba la maduka lenye ngazi za umeme. Hata hivyo mwenye kujua bei huenda Mwanakwerekwe kwa mboga na samaki, Mchangani kwa vitambaa na kanga, na Darajani kwa vyombo. Humo mazungumzo bado yana taratibu zake. Mama anayeuza majamvi husalimiwa kwanza, "Shikamoo, bibi," na mnunuzi aliyeanza na "Bei gani?" hulipa ukosefu huo wa adabu kwa fedha taslimu. Tangu mwaka 2006, Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka 13 kabla ya bara, mgeni huambiwa pia anunue kikapu kabla ya kununua cha kutia ndani yake.

Wenye maduka wa Darajani wenyewe hununua wapi? Baadhi huagiza Guangzhou, wengine bado wana watu wao Dubai. Walio wengi hupanda boti ya asubuhi, saa mbili hivi baharini, hushuka Dar es Salaam, huenda Kariakoo, hujaza magunia ya vyombo vya plastiki, sandali na vitenge, kisha hurudi na mzigo gatini Malindi, ambako hamali hutaja bei yake kwa kila gunia na haipunguzi.